Wanaosema Shakespeare hakuandika hawajawahi kukaa na makaratasi ya watu

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Mbale. Naandika kuhusu ile makala yenu ya juzi juzi ya yule Mwingereza mwandishi wa michezo ya kuigiza, Shakespeare, pale mwandishi wenu anatuambia ati huyo mtu hakuandika kitu, ati alikuwa mshamba wa Stratford mtoto wa fundi glavu, na jina lake lilikodishwa tu na tajiri mmoja aliyeogopa kuonekana anaandikia waigizaji. Huku gazeti lenu likifika linapita mikono mingi kweli kweli, na watu wameimeza hiyo makala nzima nzima, hata mzee mmoja wakili ambaye mi namheshimu sana kaniambia unaona, hata wazungu walikuwa wanaibiana kazi. Nikasema hapana, hii siiachi ipite.

Mimi si profesa, niliishia S4, yaani kidato cha nne. Kazi yangu ni kutaipu na fotokopi, kibanda changu kiko karibu na mahakama, watu wanakuja na mikataba ya viwanja, wosia, hati za kiapo, barua za LC (baraza la mtaa), madai ya mahari, mimi nataipu wao wanatia sahihi au dole gumba. Shakespeare nilimsoma shule vile tulilazimishwa, baadae nikamsoma kwa hiari yangu, pamoja na ule Juliasi Kaizari aliotafsiri Mwalimu Nyerere ambaye naye alipita hapa kwetu Makerere kabla hajawa mtu mkubwa (hapo hapo Makerere mwaka 1948 Obote, aliyekuja kuwa rais wetu, alimcheza Kaizari jukwaani, na yaliyompata huko mbele mnayajua). Lakini leo sitaki kuongelea vitabu sana, nataka kuongelea makaratasi, maana makala yenu yote imesimama juu ya makaratasi, na aliyeiandika anaonekana hajawahi kukaa nayo hata asubuhi moja.

Tuanze na spelingi, ndio iliyowashtua wengi. Ni kweli sahihi zake ambazo wataalamu wanazikubali ni sita tu, moja ya kesi ya mwaka 1612, mbili za nyumba aliyonunua London mwaka 1613, na tatu za wosia wa 1616. Na ni kweli kila moja inakuja kivyake, huku Shakp, huku Shaksper, huku Shakspere, hakuna hata moja imeandikwa vile tunaandika leo. Mwandishi wenu anasema hapo ndio utajua mtu hakujua hata kuandika jina lake. Jamani! Aje akae na mimi Jumatatu. Anakuja mama, kwenye kitambulisho cha taifa ni Nambozo, kwenye karatasi ya ubatizo ni Nambooze kwa sababu karani siku hiyo alikuwa Muganda akaandika vile masikio yake yalisikia, kwenye kitabu cha SACCO ni Nabozo, na mama ni yule yule mmoja amesimama mbele yangu na mtoto mgongoni, benki wamemkatalia hela yake mwenyewe mpaka alete hati ya kiapo kwamba hao watu watatu ni yeye. Hizo hati ndio mkate wangu. Na hii ni dunia ya kompyuta, sasa fikiria Uingereza ya wakati ule ambako Kiingereza chenyewe kilikuwa hakijatulia spelingi, mtu msomi kabisa anaandika jina lake hivi asubuhi na vile jioni na hakuna wa kumuuliza.

Alafu kuna kitu mwandishi wenu hakusema, sijui hakujua au alikificha. Zile sahihi mbili za nyumba hazikuandikwa kwenye ukurasa, ziliandikwa juu ya ule utepe mwembamba wa ngozi unaoning'inia chini ya hati kushika muhuri. Mtu anabana jina lake hapo, likimshinda analikata, anaweka alama ya kufupisha anaondoka. Na zile tatu za wosia, wosia ulitiwa sahihi tarehe 25 Machi, tarehe 23 Aprili mtu amekufa. Mi nimeshashikia wagonjwa karatasi watie sahihi kitandani, mkono unavyoenda naujua.

Hilo la mke pia ni mambo ya makarani tu. Tarehe 27 Novemba 1582 kwenye daftari la askofu wa Worcester imeandikwa kibali cha ndoa ya William Shakespeare na Anne Whateley wa Temple Grafton, kesho yake tarehe 28 kuna hati ya dhamana ya ndoa na huyo bibi sasa ni Anne Hathwey wa Stratford. Basi watu wamejenga riwaya nzima hapo, ati kijana alikuwa na wapenzi wawili, huyu wa moyoni na huyu wa mimba. Mimba ilikuwepo kweli, yeye alikuwa na miaka 18, Anne 26, na Susanna alibatizwa Mei 1583, hesabu fanyeni wenyewe. Lakini huyo Whateley, ukifungua daftari hilo hilo unakuta karani siku hiyo alikuwa anashughulikia kesi ya zaka ya Whateley mwingine, padri wa kijiji. Kichwa kimejaa Whateley, mkono ukaandika Whateley, kila karani anaelewa. Mwanamke wa pili hapo simuoni.

Sasa kesi ya 1612, ndio mi naipenda kuliko zote na makala yenu imeipita kwa mstari mmoja kama basi la usiku. London mtaa wa Silver Street kulikuwa na Mfaransa anaitwa Christopher Mountjoy, Mprotestanti, kazi yake kutengeneza mapambo ya kichwa ya mabibi wakubwa, na Shakespeare alikuwa mpangaji hapo nyumbani kwake. Mountjoy alikuwa na kijana aliyekuwa anajifunza ufundi kwake, Stephen Belott, na alikuwa na binti, Mary. Mama mwenye nyumba anamwomba mpangaji wake, ee bwana hebu ongea na huyu kijana amuoe binti yetu, mpangaji anaongea nae, kijana anakubali, wanaoana 1604. Kwao huko mali inatoka kwa baba wa binti kwenda kwa bwana harusi, kinyume kabisa na huku Bugisu, na Belott baadae akaanza kulia kwamba mkwe alimwahidi pauni 60 na nyingine 200 kwenye wosia na hajaona. Mama mkwe akafa, nyumba ikachafuka, wakapelekana mahakamani. Dada wa kazi wa zamani, Joan Johnson, anasimama anasema ni bwana mmoja Shakespeare aliyekuwa anakaa pale nyumbani ndio alitumwa kumshawishi kijana. Haya, aitwe Shakespeare. Anaandikwa kuwa ni wa Stratford upon Avon, umri kama miaka 48. Kijana unamjua? Namjua, alikuwa mfanyakazi mzuri mwaminifu. Mama alikuomba uongee nae? Aliniomba. Mali iliahidiwa? Iliahidiwa. Kiasi gani? Hakumbuki. Ilipwe lini? Hakumbuki. Anatia sahihi yake iliyokatwa kati kati anaenda zake.

Mhariri, nimetaipu ushahidi wa mashahidi wa aina hiyo hadi vidole vinaujua vyenyewe, yule mjomba aliyekaa kwenye kikao cha mahari anakumbuka rangi ya ng'ombe lakini idadi imempotea, kwa sababu kushoto yuko mwenye nyumba wake na kulia yuko kijana aliyemuozesha mwenyewe na kesho wote atakutana nao njiani. Mahakama ikashindwa ikawatupia wazee wa kanisa lao la Wafaransa, wazee wakaamua kijana apewe nobo 20 ambazo ni pauni 6 na shilingi kidogo, na hizo pia baba mkwe akagoma kulipa. Karatasi hizo zililala karibu miaka 300 mpaka Mmarekani Charles Wallace na mke wake Hulda walipochambua marundo ya nyaraka za serikali London wakatangaza mwaka 1910. Na sasa angalieni tarehe. Ndoa ni 1604. Desemba 1606 mbele ya Mfalme James inachezwa King Lear, na inaanza na nini? Mzee anagawa mali kwa mabinti, binti mdogo ananyimwa fungu lake mbele ya wachumba, mmoja anarudi nyuma akisikia hakuna kitu, na anaemchukua hivyo hivyo mikono mitupu ni Mfaransa! Sisemi hadithi ilitoka Silver Street, hiyo hadithi ilikuwepo zamani kabla yake. Nasema tu mtu aliyekaa sebuleni kwa Mountjoy hakuhitaji kuwa mwana wa mfalme ndio ajue mali na mabinti vinavyotoana machozi.

Makala inalalamika tena kwamba karatasi zake zote ni za pesa. Kweli. Mwaka 1597 alinunua nyumba kubwa New Place kwa pauni 60, mwaka 1602 akanunua ekari 107 kwa pauni 320, mwaka 1598 wakati wa njaa aliandikwa kati ya watu wa Stratford wenye akiba ya kimea ghalani, mwaka 1604 alimshtaki muuza dawa Philip Rogers kwa deni la kimea la shilingi 35 na peni 10. Ati mshairi gani huyo anadaiana kimea. Sasa kwani mshairi anakula nini? Wapiga ngoma wa kadodi hapa kwetu msimu wa imbalu, tohara yetu ya Bugisu, wanapiga mpaka mlima unatikisika, na usipowalipa kesho yake asubuhi wako mlangoni kwako. Karatasi inaandikwa pale pesa au ardhi inapohama mkono. Hakuna mtu amewahi kuja kwangu nimtaipie kwamba jana usiku alipata wazo. Mkinitafuta mimi miaka 400 ijayo mtakuta leseni ya biashara, risiti ya kodi ya kibanda na kesi ya mpaka wa shamba la baba, mtasema huyu hakuwahi hata kucheka.

Ya wosia nayo imeongelewa sana, kwamba hautaji kitabu hata kimoja na mke ameachiwa kitanda cha pili kwa uzuri. Vitabu na vikombe na sufuria havikuwa vya kuandikwa kwenye wosia wenyewe, viliingia kwenye orodha ya vitu vya nyumba iliyopelekwa pamoja na wosia, na hiyo orodha imepotea. Kitanda kwa kweli kinaniuma kidogo, kimechomekwa kati kati ya mistari kama mtu aliyekumbushwa dakika ya mwisho, na wanaomtetea wanasema kitanda kizuri kilikuwa cha wageni na hiki cha pili ndio chao wenyewe cha ndoa, na kwamba mjane alikuwa na fungu lake kwa desturi hata asipotajwa. Inawezekana. Wajane wanaokuja kibandani kwangu na mashemeji wamesimama nyuma yao wangependa kwanza kuona hilo fungu limeandikwa. Lakini angalieni kingine kilichochomekwa kati ya mistari hiyo hiyo ambacho makala haikugusa, hela ya kununua pete kwa waigizaji wenzake watatu, Richard Burbage, John Heminges na Henry Condell, kila mmoja shilingi 26 na peni 8. Burbage akafa 1619. Hao wawili waliobaki ndio waliokusanya tamthilia 36 wakazitoa kitabu kimoja kikubwa mwaka 1623, na 18 kati yake zilikuwa hazijawahi kuchapishwa, yaani bila hao leo hatuna Macbeth, hatuna Tufani (The Tempest), hatuna hata huyo Kaizari wa Nyerere. Mbele ya kitabu wanasema wazi ni kazi za rafiki na mwenzao Shakespeare. Mtu wa Stratford kwenye wosia wa Stratford anawaachia pete watu wa London, watu wa London wanatoa kitabu cha jina lake, na ndani ya kitabu hicho hicho kuna shairi linalotaja kaburi lake la Stratford. Mi kwa hati za ardhi nimeona mawakili wakishinda kesi kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Kama mnataka karatasi za uongo za Shakespeare zipo, na aliyezitengeneza alikuwa mtu wa kazi yangu. Miaka ya 1790 kulikuwa na kijana London, William Henry Ireland, karani katika ofisi ya mwanasheria wa hati za ardhi. Baba yake alikuwa na homa ya Shakespeare, angetoa chochote apate hata sahihi moja. Mtoto akaona ngoja nimfurahishe mzee. Akachukua kurasa tupu za vitabu na madaftari ya zamani, akapata wino ambao ukiupasha moto unageuka kahawia kama wa kale, akamletea baba hati yenye sahihi, baba akalia kwa furaha, kijana akanogewa. Ikaja barua ya mapenzi kwa Anne pamoja na nywele, ikaja hii ikaja ile, wakubwa wa London wakapanga foleni kuona, na James Boswell mwenyewe, mwandishi mwenye jina, akapiga magoti akayabusu makaratasi. Mwisho akatoa tamthilia nzima, Vortigern, ikachezwa ukumbi wa Drury Lane tarehe 2 Aprili 1796, na mwigizaji mkuu Kemble alipofika kwenye mstari unaosema mzaha huu ukiisha, ukumbi ukalipuka kwa kicheko na yeye kwa makusudi akaurudia tena. Siku chache tu kabla ya hapo msomi Edmond Malone alikuwa ameshatoa kitabu kizima kuyaanika yale makaratasi, wino, spelingi, tarehe, kila kitu. Kijana akakiri, na baba akakataa kuamini mpaka kufa kwake kwamba mwanae ana akili za kutosha kudanganya hivyo. Nilivyosoma hiyo nilicheka mwenyewe nikakumbuka Nasser Road, Kampala, mtaa unaosifika kwa karatasi za kughushi, wanaojua wanajua.

Na hapo kwa huyo baba ndio ugonjwa wenyewe ulipo, ule wa kusema huyu hawezi. Mwaka 1592 mwandishi Robert Greene, mwenye shahada za Cambridge na Oxford zote mbili, alikufa akaacha maneno makali yakachapishwa, akimwita mwigizaji fulani kunguru aliyejitokeza juzi amejipamba kwa manyoya yetu, na akacheza na jina lake akimwita Shake-scene. Yaani wasomi walikuwa wanamsema toka akiwa hai, lakini kosa lake ni kwamba anaandika bila kupita chuo, hawakusema haandiki. Hiyo ya haandiki ilikuja kupata nguvu zaidi ya miaka 200 baada ya kufa, Delia Bacon na kitabu chake 1857 akimsogezea sifa Francis Bacon na wenzake, kisha J. Thomas Looney mwaka 1920 na huyu Earl wa Oxford, Edward de Vere, ambaye ndio tajiri wa makala yenu. Huyo Earl alikufa Juni 1604. Macbeth, Lear, Tufani, zote zinakuja baada ya hapo, na Tufani ina harufu kabisa ya ile meli iliyovunjikia Bermuda mwaka 1609. Wanasema aliziacha droo zimeshaandikwa zikawa zinatolewa moja moja. Aliacha na dhoruba?

Ati mtoto wa fundi glavu. Baba yake John aliweka alama badala ya jina, sawa, lakini mwaka 1568 alikuwa ndio kama meya wa mji, na mji ulikuwa na shule nzuri ya Kilatini, daftari la wanafunzi la miaka hiyo halikubaki la mtoto yeyote. Na mnajua wengine wanasema aliyeandika ni nani? Christopher Marlowe, mwandishi wa michezo wa wakati huo huo. Mtoto wa fundi viatu wa Canterbury! Yaani glavu hapana viatu ndio, kwa sababu wa viatu alipata karatasi ya Cambridge.

Na kwa huyo Marlowe mngeandika siri tungewasoma mpaka usiku, maana kwake karatasi zipo na ndizo zinazotisha. Cambridge walitaka kumnyima shahada mwaka 1587, Baraza la Malkia likaandika barua mpeni, amefanya kazi nzuri ya nchi, kazi gani hawakutaja. Mei 1593 mwandishi mwenzake Thomas Kyd anakamatwa, chumbani kwake wanapata maandishi ya kukana dini, anasema ni ya Marlowe. Marlowe anaitwa, anaachiwa lakini aripoti kila siku kama mtu wa bondi ya polisi. Tarehe 30 Mei yuko Deptford, karibu na London, kwenye nyumba ya mjane Eleanor Bull na wanaume watatu, wamekula mchana, wametembea bustanini, jioni wamekula tena, ukaja ubishi wa bili, na Ingram Frizer akamchoma kisu juu ya jicho akafa hapo hapo, miaka 29. Wawili waliobaki, Robert Poley na Nicholas Skeres, walikuwa watu wa mambo ya upelelezi na utapeli, na ndio mashahidi pekee. Frizer alisamehewa kabla hata miezi miwili haijafika. Ripoti ya uchunguzi wa kifo ilikaa mpaka 1925 ndio Leslie Hotson akaitoa kwenye nyaraka. Kila neno limepangwa vizuri, urefu wa jeraha, bei ya kisu, nani alikaa upande gani wa benchi, na ukimaliza kusoma bado hujui kwa nini mtu amekufa. Sisi tuliokuwa na wazee waliopitia miaka ya Amin tunajua ripoti za hivyo, mwandishi wetu wa michezo Byron Kawadwa alichukuliwa kutoka jumba letu la maigizo la taifa Kampala mwaka 1977 na hata ripoti nzuri hakupata. Kwa Marlowe wenyewe Waingereza hawajamaliza, kwenye kioo chake cha kumbukumbu Westminster Abbey, kilichowekwa 2002, mbele ya mwaka wa kufa wamechora alama ya kuuliza.

La mwisho, na hili naomba mlisahihishe kabisa kwa maandishi. Makala imesema hakuna hata ukurasa mmoja wa tamthilia ulioandikwa kwa mkono wa Shakespeare. Maktaba ya British Library ina muswada wa tamthilia ya Sir Thomas More, umeandikwa na mikono kadhaa ya watu tofauti, na kurasa tatu wataalamu wengi wanasema ni mkono wake, wao wanauita mkono D. Siyo wote wamekubali, lakini ni wengi na sababu zao ni nzito. Huyo mtu anaandika kwa haraka, koma karibu hakuna, na kwenye mistari mitano hivi neno moja tu la cheo cha ofisa wa mji, sheriff, ameliandika spelingi tano tofauti. Tano! Mleteni mwandishi wenu aone.

Na hizo kurasa zinasema nini? Ni London mwaka 1517, wenyeji wameamka kuwafukuza wageni, wanasema wanakula chakula chetu wanachukua kazi zetu. More, ofisa wa sheria wa mji, anatoka kuwatuliza. Anawaambia hebu fikirini mnawaona hao wageni wanyonge, watoto wako mgongoni, na vifurushi vyao vya kimaskini, wanajikokota kuelekea bandarini kutafuta chombo, na nyie mmekaa juu kama wafalme wa tamaa zenu. Kisha anawageuzia, haya mfalme akiwafukuza nyie kwa fujo hii mtaenda wapi, Ufaransa, Flanders, Hispania, Ureno, popote mtakapofika nyie ndio mtakuwa wageni, na mtapenda mfanyiwe hivi? Mkaguzi wa serikali Edmund Tilney aliagiza sehemu ya fujo itolewe yote. Mimi naishi nchi ambayo imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, stendi ya mabasi nawaona na hivyo vifurushi, na maneno ya sokoni juu yao ni hayo hayo ya London ya 1517 neno kwa neno, mpaka bei ya unga wanalaumiwa wao.

Najua barua imekuwa ndefu na ukurasa wenu wa barua ni mdogo. Mkilazimika kukata, kateni ile ya ndoa na ya kimea, hata Marlowe mnaweza kumpeleka wiki nyingine. Hiyo ya wageni naomba msiiguse.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtaipisti wa karibu na mahakama,
Mbale